Lenzi Mbili na Sikio la Evodi

Vijana wa kamera nawajua kwa mwendo wenu. Mnafika hapa Kagondo kwa pikipiki, mnabisha hodi kwa adabu, mnaisifu migomba yangu ambayo haina cha kusifiwa tangu mnyauko uingie, na baada ya dakika kumi mnalitoa lililowaleta. Mmesikia kwamba mzee Fideli ana zile lenzi mbili za zamani. Mnataka kujua ipi ilikuwa bora.

Nimelijibu swali hilo mara nyingi, na kila mara nimedanganya. Nilikuwa nasema ya Kijerumani ina rangi nzuri ya kijivu, ya Kijapani ina nguvu gizani, chukueni mnachopenda. Mnaandika kwenye simu zenu, mnashukuru, mnaondoka. Sasa macho yangu yamekwisha na miguu iko njiani, kwa hiyo nitawajibu vizuri mara moja. Jibu lenyewe linapita Nshamba, kwa mtu aliyeitwa Evodi, aliyetaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: mtoto wake aliyekuwa bado tumboni aje amjue baba yake kwa sura.

Kwanza vyombo. Lenzi zote mbili ni za milimita hamsini, yaani zinaona karibu kama jicho linavyoona. Ya Kijerumani ni ndogo, nzito, ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha, na tundu lake linafunguka hadi moja nukta tano. Ya Kijapani ni pana kama kikombe cha chai, na inafunguka hadi moja nukta mbili. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Ile ya Kijapani ilikuwa kubwa hata ikaziba pembe ya kidirisha cha kuchungulia. Niliwahi kumkata bibi harusi kiwiko kwa sababu hiyo, na mama yake alinung'unika mpaka siku ya kubatiza mtoto wa pili.

Nimetaja kidirisha makusudi. Kamera zetu hazikuwa kama zenu. Hukuchungulia kupitia lenzi, ulichungulia kwenye kidirisha kilichokuwa juu yake, kando. Katikati ya kidirisha kulikuwa na taswira ya pili, hafifu, ya kile unachokitazama. Ulizungusha lenzi mpaka taswira mbili zikalaliana. Zikilaliana, umelenga. Lakini kidirisha hakikuwa na habari na lenzi. Humo kila kitu kilionekana safi, uwe umepatia au umeharibu. Ukweli uliukuta kwenye chumba cha giza, wakati wa kusafisha picha, na mwenye sura alikwisha kwenda zake.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Pinto, Mgoa mwenye studio karibu na soko la Bukoba. Nilianza kwake uhuru ukiwa bado mchanga, nimemaliza darasa la nane na sijui hata kufungua kasha la filamu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za haraka. Siku alipopokea ile lenzi ya Kijapani hakunipa niishike mara moja. Alichukua ubao mrefu, akapanga juu yake punje za akamwani, zile kahawa zetu zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa kutafuna. Alizipanga mstari mmoja, kutoka karibu na kamera kwenda mbali, zikigusana. Akaniambia nilenge punje ya kumi, nifungue tundu lote, nipige. Halafu nibadilishe lenzi, nipige tena.

Tulipozikuza zile picha, ya Kijapani ilionyesha punje tatu tu zilizo safi. Ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Mbele na nyuma ya hapo palikuwa ukungu mtupu. Ya Kijerumani ilitoa punje nne safi, lakini ya kumi haikuwamo. Zilizokuwa safi zilianzia ya sita. Nikadhani nimekosea kulenga, nikaomba radhi. Bwana Pinto akasema sikukosea. Lenzi ile ilizaliwa hivyo, ikifunguka yote inaona mbele kidogo ya pale unapolenga. Dawa yake ni kulenga jicho la mtu, kisha kuinamisha kifua mbele upana wa vidole viwili, ndipo upige. Kisha akakaa akazitafuna punje zote za mtihani, ya kumi akaitafuna mwisho.

Nilijifunza kuinama. Kwa muda mrefu nilitumia ya Kijerumani peke yake, kwa harusi, kwa kipaimara, kwa kwaya za Walutheri na mahafali ya seminari, na kila nilipolifungua tundu lote mwili uliinama wenyewe, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba aliyoizoea. Vijana, hapo ndipo mnapojisifu mkisema mikono yangu inajua kazi. Mikono inajua kazi ya jana.

Jengo lilipotaifishwa Bwana Pinto aliamua kuondoka. Hakupiga kelele. Alifunga masanduku, akaniachia kamera moja na lenzi zote mbili ndani ya kopo la biskuti lenye mchele uliokaangwa mkavu. Mchele ulikuwa wa kunyonya unyevu, maana mvua za Bukoba huotesha kuvu ndani ya kioo. Aliniambia niubadilishe kila mwezi. Kuhusu ile ya Kijapani aliniambia maneno haya, nayakumbuka: "Hii inalenga kweli. Usiifundishe tabia za mwenzake." Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kuagana.

Miaka ya ujamaa ilikuwa miaka yangu ya kazi nyingi na vifaa vichache. Kila mtu alitaka picha ya kitambulisho au ya mkutano wa kijiji, na dukani hapakuwa na filamu. Globu za flashi ndizo zilikwisha kwanza. Sasa kazi za gizani zilihitaji tundu kubwa, na ndipo nilipoitoa ile ya Kijapani kwenye kopo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hotuba ya kiongozi mmoja wa wilaya, ndani ya ghala la kahawa, mvua inapiga mabati. Nililenga kipaza sauti kwa sababu kilikuwa na waya za kung'aa, rahisi kulaliana. Picha ilipotoka, kipaza sauti kilikuwa safi kabisa, unahesabu matundu yake, na nyuma yake lilisimama wingu lenye koti. Kiongozi aliitazama akauliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha. Akasema basi ipelekwe kwa kipaza sauti.

Nilicheka kwa hilo muda mrefu. Ningejifunza badala ya kucheka, leo nisingekuwa na haya ya kuwaeleza.

Barua ya Evodi ilikuja kwa mkono wa kondakta wa basi la Muleba. Aliiandika mwenyewe kwa penseli. Alisema ametoka hospitali, wamemwambia apumzike nyumbani, naye ameelewa maana yake. Mke wake, Ma Paskazia, alikuwa amebakiza kama miezi miwili kujifungua. Evodi mwenyewe hakuwa amepigwa picha hata mara moja. Aliomba nije upesi nikiweza.

Nilimjua Evodi kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa kuezeka nyumba za msonge, wakati ambapo watu walikuwa wanazibomoa na kuweka bati. Nyumba zake hazikuvuja. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na nguzo ya kati, juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni asubuhi ile kwa ajili yangu. Alikuwa amekonda mpaka shati la kuendea kanisani limekuwa la mtu mwingine. Ma Paskazia alinipokea, akaniletea akamwani kwenye kikapu kidogo, nikatafuna, tukasalimiana kama inavyopasa.

Ndani kulikuwa giza. Nyumba ya msonge haina dirisha, mwanga wote unaingia mlangoni, na nje migomba ilikuwa imefunga na mawingu yameshuka. Nilimwomba Evodi tumtoe nje, kwenye ua, dakika tano tu. Alikataa.

"Nje lazima nibebwe," alisema. "Sitaki mtoto anione nimebebwa. Anione nimekaa ndani ya nyumba niliyoiezeka."

Nilikuwa nimebakiza picha mbili kwenye filamu, na filamu nyingine sikuwa nayo, wala kwenye maduka ya Bukoba nzima haikuwapo. Nikawa na lenzi zangu mbili mkononi. Tofauti ya mwanga kati yake, vijana, si kubwa kama mnavyosimuliana. Kwa ya Kijerumani ningehitaji karibu nusu ya sekunde. Kwa ya Kijapani, robo na kitu. Nilimtazama yule mtu, nikatazama mikono yake, nikajiambia hataweza kutulia nusu ya sekunde. Nikafunga ya Kijapani. Nilichagua lenzi ile kwa sababu sikumwamini mgonjwa.

Niliegemeza kamera kwenye mgongo wa kiti, mita moja kutoka kwake. Nikamwomba ageuze kichwa kidogo kuelekea mlangoni ili mwanga umshike. Aliniuliza asipumue kwa muda gani. Nikamwambia nitahesabu mpaka tatu, azuie hapo. Akaweka viganja juu ya magoti, akabana. Nikalenga jicho lake, taswira zikalaliana vizuri sana. Nikahesabu. Nikainama mbele, upana wa vidole viwili, kamera ikiteleza nami juu ya kiti, nikapiga.

Sikujua kwamba nimeinama. Nawaapia, sikujua. Nikasogeza filamu, nikalenga tena, nikahesabu, nikapiga ya pili. Mara zote mbili Evodi alizuia pumzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Baada ya ya pili alikohoa kwa muda mrefu, Ma Paskazia amemshika mabega. Alipopata sauti aliniuliza swali moja.

"Nimetulia, Fideli?"

"Umetulia kama hiyo nguzo," nikamwambia.

Akafurahi. Alimgeukia mkewe akamwambia kwa Kihaya kwamba mtoto sasa atamwona. Nikapanda basi la kurudi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Nilizisafisha siku mbili baadaye. Ninyi hamjui chumba cha giza, kwa hiyo niwaambie: karatasi nyeupe inalala kwenye dawa chini ya taa nyekundu, na sura inakuja polepole. Kilichokuja kwanza kilikuwa sikio. Sikio la kulia, safi ajabu, mikunjo yake yote, vinyweleo, na kovu dogo kwenye ncha ya chini ambalo sikuwa nimeliona kwa macho yangu. Nikasubiri uso. Uso ukaja ukungu. Macho yalikuwa madoa mawili ya kijivu. Nikafanya ya pili, ikawa vilevile, sikio lilelile.

Nilielewa palepale. Kwa jinsi alivyogeuza kichwa, sikio lilikuwa nyuma ya jicho vidole viwili hivi, na mimi nilikuwa nimeyapita macho yake nikaenda kwenye sikio. Lenzi ililenga kweli, kama nilivyoambiwa. Mimi ndiye niliyeifundisha tabia za mwenzake. Niliketi sakafuni mwa kile chumba, nikalia kwa hasira, kisha nikazunguka mjini kutafuta filamu. Padre mmoja alinipa kipande kilichobaki cha kwake, picha tano hivi. Kesho yake nilipanda basi la kwanza.

Nilipofika, ua ulikuwa umejaa watu wamekaa kwenye nyasi. Evodi alikuwa amezikwa jana yake, upande wa chini wa kibanja, kwenye migomba ya nyumbani. Ma Paskazia alikuwa ndani, na watu walinipisha kwa heshima nifike kwake, kwa sababu wote walijua nimebeba nini. Nilikuwa nimezileta zile mbili kwenye bahasha. Sijui kwa nini sikuziacha Bukoba. Alizitoa, akazitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kwa nini hana macho.

Hapo, vijana, palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Watu wote walikuwa wananisikiliza. Nilikuwa na studio, nilikuwa na jina, na harusi tatu zilikuwa zinanisubiri Muleba humo humo.

"Alitikisika kidogo, Ma Paskazia," nikasema. "Ni ugonjwa. Mwili ulikuwa unatetemeka."

Akaitikia kwa kichwa. Alinishukuru. Mtu aliyenipa kila alichokuwa nacho cha pumzi, nami nimemwambia kwa kinywa changu kwamba ametulia, nilimsingizia kabla udongo haujakauka.

Sikuinua tena ile ya Kijapani. Niliacha kubadilisha mchele, nikatumaini kuvu itaila. Na imeila, mkiitazama kwenye mwanga mtaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Mmoja wenu aliniambia kwamba huko nje wapo watu wanaozitafuta hata zikiwa hivyo. Watafute.

Mwaka jana alikuja mwanamke mtu mzima, mwalimu, na bahasha ya kaki. Alijitambulisha kuwa ni Kokugonza, mtoto wa Evodi wa Nshamba. Nilimkaribisha ndani, nikamwekea kikapu cha akamwani. Alizitoa zile picha mbili. Zilikuwa zimepauka pembeni kwa kushikwa. Amesikia kwamba siku hizi kuna mashine zinazorudisha picha za zamani, akataka kujua kama macho ya baba yake yanaweza kurudishwa. Nikamweleza kwamba mashine inaweza kumtengenezea macho, lakini hayatakuwa ya baba yake. Ambacho filamu haikukiona hakipo.

Akasogeza kitambaa chake cha kichwa nyuma, akanionyesha sikio lake la kulia. Mikunjo ilikuwa ileile, isipokuwa kovu. "Hiki ndicho ninachokijua kwa baba," alisema. "Nilipokuwa msichana nilikuwa nakaa na kioo, nashika picha, nalinganisha."

Nikamuuliza mama yake alimweleza nini juu ya picha ile.

"Kwamba baba alikuwa anatetemeka. Alisema aliogopa kufa, akashindwa kutulia hata kwa ajili yangu. Mama hakumlaumu, alimhurumia. Lakini alikuwa akilisema kila mwaka siku ya kumwombea, mpaka alipokufa yeye mwenyewe."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi nilichukua ile picha, nikaiweka karibu na mlango kwenye mwanga, na nikamfundisha kuisoma. Nilimwambia atazame vinyweleo vya sikio. Atazame ukingo wa kovu. Mtu akitikisika, hutikisika kichwa chote, na sikio nalo lingekuwa ukungu. Hakuna mtetemo hapa. Karibu theluthi ya sekunde, mtu anayekufa, na hakuna mtetemo hata wa unywele. Aliyesogea ni mpiga picha.

Aliisogeza zaidi kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya lile sikio.

"Kwa hiyo alikuwa ametulia."

"Alikuwa ametulia. Na aliniuliza, nikamwambia. Mama yako alikuwapo, lakini nilipokuja msibani nikasema vingine, akaniamini mimi mwenye kamera kuliko macho yake."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alirudisha picha kwenye bahasha, akainuka. Akamwani hakuigusa, ikabaki kwenye kikapu, na ninyi mnajua kwetu mgeni anayeiacha hivyo hajapatana na mwenye nyumba.

"Mimi umeniambia," alisema akiwa mlangoni. "Mama hujamwambia. Utakuja Nshamba, Ta Fideli, ukamwambie mama."

Nilikwenda. Mjukuu wangu alinipeleka kwa gari mpaka barabara ilipoishia, tukashuka kwa miguu. Nyumba ya msonge haipo, pamebaki mduara ambao migomba imeota vizuri kuliko kwingine. Makaburi yao yako pamoja, la Evodi la zamani na la Ma Paskazia lina saruji. Kokugonza alikuwa ananisubiri amesimama, na hakunisaidia kusimama wala kuanza. Nikavua kofia. Nikasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kumfikia mtu mzima aliye chumba cha pili, kwamba siku ile Evodi hakutikisika, kwamba mimi ndiye niliyesogea, na kwamba nilijua hivyo nilipokuwa nampa bahasha.

Kokugonza akaja mbele yangu, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na punje mbili za akamwani. Moja akaitia kinywani mwake, ya pili akaishika, akaitazama, kisha akainama akaiweka juu ya saruji ya kaburi la mama yake.

Mimi hakunipa.